Java ni kisiwa kwanza

Jioni hii yote nimezama kwenye mijadala ya wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza: msomaji akiandika neno lenye maana nyingi, apelekwe wapi kwanza? Vigezo vikuu ni viwili. Je, maana hiyo inatafutwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa? Na je, ina uzito wa kudumu? Kazi huanza vigezo hivyo visipopatana.

Ukiandika Java unapelekwa kwenye kisiwa cha Indonesia, si kwenye lugha ya programu iliyotoka mwaka 1995, japo watu wa kompyuta wamejaa mtandaoni. Naunga mkono kwa moyo wote. Kisiwa kina watu zaidi ya milioni 140, na lugha yenyewe ilipata jina kupitia kahawa ya huko!

Georgia mambo ni mengine. Kati ya nchi ya Caucasus na jimbo la Marekani, hakuna iliyotangulizwa. Unakuta orodha ya maana, unachagua mwenyewe. Wapo wanaosema huko ni kukwepa uamuzi. Mimi naona ni haki kabisa: wingi wa wasomaji wa Marekani hauifuti nchi, wala hadhi ya nchi haimsaidii anayetafuta jimbo lenye Atlanta.