Siku moja maishani mwangu: mwandishi wa vitabu vya watoto, Tabora

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa kumi huku kwetu joto linaamka kabla ya watu. Nakunywa chai na matobolwa yaliyobaki jana, huku napanga vitabu kwenye boksi. Nimealikwa chuo cha ualimu kuzungumza na wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Mada: utofauti katika vitabu vya watoto. Jana usiku nilikuwa na kurasa sita za maelezo. Nazisoma upya, nachana nne.

Saa 1:30. Bodaboda kutoka Isevya. Boksi analo dereva mbele, kwenye tangi. "Mama, humu umeweka matofali?"

Saa 3. Ukumbi umejaa, feni moja tu inazunguka. Wanasimama wote: "Shikamoo madamu!" Naanza na aibu yangu mwenyewe. Kitabu changu cha kwanza kilihusu bibi wa Sikonge na mizinga yake ya nyuki. Mchoraji, kijana wa Dar mwenye mkono mzuri kweli, alinipandia minazi kila ukurasa. Bibi wa Kinyamwezi anarina asali mnazini! Nilikubali kwa sababu nilitaka kitabu kitoke. Aliyenisuta ni mtoto wa kaka yangu: "Shangazi, kwani hapa ni wapi?"

Watoto wana maswali ya namna hiyo. Nikawasimulia la mtoto mwingine, wa miaka 5, shule ya awali huko New York. Aliangalia kitabu cha picha akauliza kwa nini kila siku ni watoto wa Kizungu tu. Mtoto huyo alikuwa mweusi. Nancy Larrick, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alianza na swali hilo katika makala yake ya mwaka 1965, baada ya kukagua vitabu 5,206 vilivyotolewa Marekani mwaka 1962 hadi 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwenye maneno au kwenye picha, vilikuwa 349.

"Sisi watoto wetu vitabuni ni weusi wote," akasema kijana mmoja, "kwa hiyo hilo limekwisha?" Nikamwambia afungue boksi.

Saa 4:30. Makundi ya watu watano, vitabu mezani, kazi ni kuhesabu. Nani anachota maji? Nani anaendesha gari? Nyumba ina geti au ina ua wa mabua? Kelele zikawa za sokoni. Kundi la dirishani likagundua kwamba kwenye vitabu vyake mama hajawahi kuketi. Lingine likatafuta kiziwi likamkosa, na hapo mimi ndiye niliyeinamisha kichwa: shule ya viziwi ipo hapa hapa Tabora tangu 1963, na katika vitabu vyangu sita vyote hakuna mtoto hata mmoja anayezungumza kwa mikono.

Dada mmoja mwenye ualbino alikaa mbele kabisa. Hakuwa anasoma kitabu chenyewe. Alipiga picha kila ukurasa kwa simu, kisha akazikuza kwa vidole viwili mpaka herufi zikajaa kioo. (Maandishi ya vitabu vyetu! Tunabana ili karatasi itoshe, halafu tunashangaa mtoto hapendi kusoma.) Alipomaliza akanyoosha mkono.

"Madamu, humu wenye ualbino nimewaona watatu. Wote wanakimbizwa."

Ukumbi ukatulia.

"Najua kwa nini mnaandika hivyo, na mambo hayo yametokea. Lakini mimi nikiwa mdogo nilitumwa chumvi nikapoteza hela, nikamsingizia mdogo wangu. Huyo yuko wapi?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi nilikuwa natafuta kalamu. Kimoja kati ya vitabu vyenye hao watatu nimekiandika mimi. Kilisifiwa sana, na nilikuwa nakionea fahari mpaka saa 5 ya leo.

Mkufunzi akataka nitoe neno la kufunga. Nikasema dada ameshalitoa.

Saa 7. Wali maharage na wakufunzi. Mmoja akanung'unika kwamba vitabu vyenyewe havifiki shuleni, tutachaguaje? Ana haki. Nikamwachia boksi zima.

Saa 10. Usingizi. Jua la Tabora halibishaniwi.

Saa 2 usiku. Nimetoa mswada wa mtoto mwizi wa maembe, ule ulionikwama tangu Agosti. Mwizi alikuwa Kulwa, mtoto kama wote. Sasa nimempa ualbino na kofia pana ya jua, na bila kupanga hadithi ikaanza kutembea: kelele za mwenye shamba, Kulwa anaruka chini, anatimua mbio, maembe yanadondoka kwenye shati. Kofia imenasa kwenye tawi. Mtaani kofia ile anayo yeye peke yake.

Bado sijaamua kama ashikwe leo au arudi usiku kuifuata.