Hela ya Oscar ilikuwa Bahamas

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya usafi wa usiku Rupp Arena, ule ukumbi wa basketi hapa Lexington, Kentucky. Gemu ikiisha watu karibu elfu 20 wanatoka na sisi ndo tunaingia, tunaanzia viti vya juu kabisa tunashuka ngazi kwa ngazi, popkoni, vikombe, jibini ya kuyeyushwa imegandia kwenye viti mpaka uikwangue. Ukiwa na ufagio mkononi unaziona hela za watu zimelala chini, kila kikombe kimelipiwa, kila kibakuli kimelipiwa, na wenyewe wameondoka na jezi za bluu mgongoni namba 34.

Namba 34 alikuwa Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Nyie mlioko nyumbani sijui kama mnaelewa hiyo ilikuwa na maana gani kwetu hapa, maana Lexington ina Wakongo wengi sana, Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, shuleni kwa watoto, na msimu ule wa 2021-22 mtoto aliyetoka kwenye mji wa Kiswahili ndo alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima, anadaka ribaundi 15 kwa mechi. Mimi basketi nilikuwa siijui kabisa, kwetu Kasulu, Tanzania, tulicheza netiboli, lakini kwa Oscar nilijifunza.

Agosti mwaka huohuo timu yake ikaenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na habari ikazagaa kwamba Oscar kule anafanya matangazo ya biashara, analipwa. Jirani yangu ni mama wa Uvira, ana kijana wa miaka 13 anayecheza hicho hicho kikapu, akaja kuniuliza, "Tantini, juu ya nini wanamulipa kule, hapa hawawezi?"

Nilimwambia subiri nitakujibu. Nikaanza kusoma, na kadri nilivyosoma ndo roho ikazidi kuniuma.

Jibu fupi ni viza. Kuanzia tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo, ila Oscar alikuwa kwa viza ya F-1 ya mwanafunzi na viza hiyo haikuachii ufanye kazi hivihivi ukiwa ndani ya Marekani. Kwa hiyo mzungu anayekaa benchi timu hiyohiyo anaweza kupiga picha na gari la duka la mtaani akalipwa, na mchezaji bora wa nchi nzima mpaka avuke bahari. Kocha wao alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka bila kuvuka hata mto.

Jibu refu linaanza mbali. Mwaka 1955 kijana mmoja wa Colorado aliumia kichwa akichezea chuo chake futiboli ya Kimarekani, akafa. Mjane wake akaomba fidia, ile ya kawaida tu anayopewa mke wa mtu aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikasema hapana, marehemu hakuwa mfanyakazi. Na miaka hiyohiyo bosi wa NCAA, ndo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, Walter Byers, akalisambaza hilo jina la "mwanafunzi-mwanamichezo", akahakikisha kila chuo kinalitumia, sababu walikuwa wanaogopa kesi za namna hiyo. Lile jina linaloonekana la heshima lilitungwa ili wajane wasilipwe! Byers mwenyewe alipostaafu akaja kugeuka, akaandika kwamba fikra zinazoendesha mambo haya ni za mashamba ya watumwa ya zamani, bwana na watu wake.

Sasa watu wakisema ufisadi kwenye michezo ya vyuo wanakumbuka Septemba 2017, FBI walipokamata watu 10, wamo makocha wasaidizi wanne wa vyuo vikubwa na mkubwa mmoja wa Adidas, James Gatto. Moja ya mambo yaliyotoka ni kwamba zilipangwa dola 100,000 ziende kwa familia ya kijana Brian Bowen ili achague Louisville, saa moja na kitu kwa gari kutoka hapa kwangu. Gatto akahukumiwa miezi 9. Mwezi mmoja tu kabla ya kukamatana huko, chuo cha Louisville kilikuwa kimetangaza mkataba mpya na Adidas hiyohiyo, miaka 10, dola milioni 160, wamepiga picha wanatabasamu, hakuna aliyeshtuka. Milioni 160 kwenda chuoni ni udhamini, laki moja kwenda kwa baba wa mchezaji ni jela. Na mahakamani aliyehesabiwa kuwa ametapeliwa ni nani? Chuo. Bowen hakucheza hata mechi moja ya chuo maishani mwake, akaenda kucheza Australia.

Mimi rushwa siitetei jamani, nimekulia kwenye rushwa, nimemwona mama yangu akikunja noti ndogondogo kwenye karatasi ili apate huduma ambayo ni haki yake. Wale makocha walikuwa wanapokea hela ili wawapeleke vijana waliowaamini kwa mawakala fulani, ule ni uuzaji wa watu na sina huruma nao. Lakini ukimzuia mwenye jasho asilipwe mezani, atalipwa chini ya meza, na chini ya meza huwa pana dalali, na dalali ndo anakula kwanza. Mwaka 2014 Shabazz Napier, mchezaji wa kikapu wa chuo cha Connecticut, timu iliyobeba ubingwa mwaka huo, aliwaambia waandishi kuna usiku analala na njaa. Bingwa! Ndo wakaona aibu wakalegeza sheria ya chakula.

Tangu Juni 2025 mambo yamegeuka, jaji Claudia Wilken amepitisha makubaliano, kila chuo kinaweza kugawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza na kuna kama bilioni 2.8 za kuwafidia wa zamani. Nilifurahi, ila furaha yenyewe ina mchanga, maana hela nyingi zinaelekea futiboli na kikapu cha wanaume, na timu zimewekewa idadi ya mwisho ya wachezaji. Hapo nawaza wakimbiaji, wale vijana wa Kikenya na wa kwetu ambao ufadhili wa riadha ndo ulikuwa mlango wao. Suleiman Nyambui wetu alipitia chuo cha El Paso, Texas, na Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi kule jimbo la Washington. Wakipunguza nafasi za riadha, Rono wa kesho atapita wapi? Na wenye F-1 bado viza yao ni ileile.

Basi nikaenda kwa jirani nikamweleza kijana habari hizi za viza na hela, ilikuwa jioni mama yake anakaanga sambaza, vile visamaki vidogo. Akasikiliza, af akauliza mimi je, nikifika chuo, nitaenda na mimi Bahamas? Nikamwambia wewe hapana, Oscar alikuja kwa viza ya shule, nyinyi mmekuja kama wakimbizi, mna grini kadi, ile ya kuishi na kufanya kazi hapa moja kwa moja, wewe utalipwa hapahapa. Amezaliwa kambini Nyarugusu huyu, wilayani kwetu kabisa, mama yake alikaa pale miaka 14 akisubiri kuitwa kuja Marekani.

Mama akazima jiko. Akaenda chumbani akarudi na bahasha ya makaratasi yao, akatafuta kadi ya mtoto, akaiangalia mbele na nyuma, akairudisha.