Ritifaa iliyonipotezea mashairi ya ami yangu

Ami yangu ni mtunzi wa mashairi. Kila baada ya Alasiri huja kwangu hapa Kibokoni na daftari lake, au huja mikono mitupu akanisomea alilolitunga njiani, nami nikalipiga moja kwa moja kwenye kompyuta. Kila shairi nalipa faili yake, na jina la faili ndilo jina la shairi: Subira.txt, Kaskazi.txt, Bahari Shwari.txt, Kung'ang'ania.txt.

Naandikia Vim, programu ya kuhariri maandishi, kazi ya Bram Moolenaar iliyotoka mwaka 1991. Ukiifungua tupu, inakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, jirani zetu, na hilo lilinifanya niipende mapema. Ndani yake alama ya % husimama badala ya jina la faili uliyoifungua. Kwa hiyo nilijitungia njia ya mkato: nikibonyeza F6, shairi lihifadhiwe, kisha nakala iende kwenye flashi kwa amri ya kunakili, cp.

nnoremap <F6> :w<CR>:silent !cp % /media/flashi/<CR>:redraw!<CR>

Hizo silent na redraw! niliziweka ili skrini isinirukeruke ami anaposoma. Miezi mitatu nikabonyeza F6 kwa moyo mkunjufu.

Siku diski ya kompyuta ilipokufa, nilichomeka flashi kwenye mashine ya kuazima. Mashairi yalikuwa 64. Niliyakuta 41. Subira lipo, Kaskazi lipo. Bahari Shwari halipo. Kung'ang'ania halipo. Ami alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa chungu. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na lile la Kung'ang'ania je?" Sikuwa na jibu. Lile hakuwahi kuliandika daftarini.

Usiku ule nilifungua faili mpya kwa jina lilelile, nikaendesha amri bila silent, nisome sheli, ile programu inayopokea amri na kuzitekeleza, inasema nini. Ikasema:

cp: cannot stat 'Kungangania.txt': No such file or directory

Yaani hakuna faili yenye jina hilo. Nikaitazama tena. Kungangania. Ritifaa zote mbili, zile alama za ', zimeliwa! Hapo ndipo nilipofahamu. Vim inapopeleka % kwa sheli, inalipeleka jina likiwa uchi, na kwa sheli ritifaa si herufi, ni mlango wa nukuu: ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, na zote mbili zinaondoka. Jina lenye ritifaa moja, kama Ng'ombe wa Maskini, linaacha mlango wazi na sheli inakataa amri nzima. Nafasi nazo zinalikata jina vipande, ikawa Bahari inatafutwa kama faili moja na Shwari.txt kama faili nyingine. Makosa yote haya yalikuwa yakiandikwa, mimi nimeyafuta kwa redraw! kabla jicho halijayaona.

Rafiki mmoja fundi alinishauri nifute ritifaa kwenye majina, mambo yaishe. Nilikataa, na bado nakataa. Ng' ni sauti yake na ng ni sauti yake. Ami ana shairi liitwalo Ng'oa, la kung'oa magugu, na ana jingine liitwalo Ngoa, la matamanio ya moyo. Ukiondoa ritifaa, moja linaandikwa juu ya mwenzake na kulifuta. Chombo ndicho kiifuate lugha.

Na chombo kinaweza. Vim ina shellescape(), inayolifunga jina lote ndani ya nukuu na kuilinda kila ritifaa iliyomo, hivi: 'Kung'\''ang'\''ania.txt'. Sheli ikipewa hilo inalisoma jina kamili. Ukitaka kuandika kwa kifupi ndani ya amri ya :!, ile inayoipa sheli kazi, tumia %:p:S, ambapo :p ni njia nzima ya faili na :S ndiyo kinga, nayo lazima ikae mwisho. Mimi nilichagua kuandika skripti ndogo, kwa sababu nilitaka pia niambiwe ukweli:

function! Akiba()
  write
  let jibu = system('cp -- ' . shellescape(expand('%:p')) . ' /media/flashi/')
  if v:shell_error
    echoerr jibu
  else
    echo 'Imefika: ' . expand('%:t')
  endif
endfunction
nnoremap <F6> :call Akiba()<CR>

Ile :t hubakisha jina tupu bila folda, na :r ingeondoa .txt. Angalieni jambo moja: shellescape() ni ya jina linalokwenda kwa sheli. Jina linalobaki kwa Vim yenyewe, mathalani skripti inapounda amri ya :edit ya kufungua faili, kinga yake ni fnameescape(). Msizibadilishane.

Mashairi mengi tuliyarudisha kutoka daftarini. Kung'ang'ania ami alilisoma upya kwa kichwa, macho kayafumba, vina vikija kimoja kimoja. Ubeti wa nne ulimgomea. Alinyamaza, akaujaribu mara mbili, mwisho akatunga mwingine mahali pake, akasema huu si ule ila nao una vina.

Nikabonyeza F6. Chini ya skrini pakaandikwa Imefika: Kung'ang'ania.txt, na ritifaa zake mbili. Nikaichomoa flashi, nikaichomeka kwenye ile mashine ya kuazima, nikamfungulia ami faili ajionee mwenyewe.