Sleeping Beauty, Filamu ya Walezi

Nimeitazama tena, mwanzo hadi mwisho, filamu ya katuni ya Sleeping Beauty ambayo kampuni ya Walt Disney iliitoa mwaka 1959. Utotoni nilikuwa nikisubiri joka tu, na mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia. Safari hii, baada ya miaka ya kusaidia kulea watoto wa ndugu zangu, nimeona hadithi nyingine kabisa, ambayo wahusika wake wakuu ni wanawake watatu wenye umri mkubwa, wachawi wema wanaomlea binti mfalme: Flora, Fauna na Merryweather.

Binti mfalme mwenyewe, Aurora, huonekana kwa takriban dakika 18 katika filamu ya dakika 75, na tangu anapoelezwa kwamba yeye ni mtoto wa mfalme na kwamba hatamwona tena kijana aliyekutana naye msituni, hatamki neno hata moja hadi mwisho. Naye mwana mfalme Phillip, ambaye ndiye kijana huyo, akishatekwa, anapigana bila kusema lolote. Wanaoingia katika ngome ya Maleficent, mchawi mwovu aliyemlaani Aurora na ambaye mwishoni hujigeuza joka, wanaomfungua Phillip minyororo na kumpa upanga na ngao, ndio hao watatu, na hata upanga unaolichoma joka unaruka kwa nguvu ya maneno ya Flora. Sielewi kwa nini filamu hii husimuliwa kana kwamba aliyemwokoa Aurora ni busu peke yake.

Lakini ushujaa huo wa mwishoni si kitu nikiulinganisha na ule wa katikati. Ili kumficha mtoto asipatwe na laana ya Maleficent, kwamba siku ya kutimiza miaka 16 atajichoma kidole kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi na kulala hadi abusiwe na ampendaye, watatu hao wanaweka kando fimbo zao za uchawi na kuishi kama wakulima katika kibanda cha msituni kwa miaka 16. Filamu inairuka miaka hiyo upesi, lakini mtu aliyewahi kumwamkia mtoto usiku hawezi kuipita hivyo hivyo. Siku mtoto anapotimiza miaka 16 wanataka kumpa zawadi iliyotengenezwa kwa mikono yao wenyewe. Fauna anaoka keki ambayo hajawahi kuijaribu, Flora anashona gauni bila kujua kushona, na Merryweather anasimamishwa katikati ya chumba na kuvalishwa kitambaa ili gauni lipimwe juu yake. Mambo yanapoharibika, wanazichukua fimbo, kisha Flora na Merryweather wanaanza kubishana kama gauni liwe la waridi au la buluu, na cheche za ubishi huo zinapanda kupitia bomba la moshi hadi kunguru wa Maleficent anaziona. Utotoni nilicheka sana hapo. Sasa naona kwamba siri iliyotunzwa kwa miaka yote hiyo inafichuka siku ile ile ambayo mapenzi yao yamewazidi, na naona uchungu mkubwa ndani ya kichekesho hicho.

Kisha kuna sehemu ya taji, ambayo kwangu ndiyo kiini cha filamu nzima. Wanamfikisha kasrini kwa siri, wanamvika taji, naye analala kifudifudi juu ya meza akilia. Hawana la kumwambia, kwa sababu ndoa yake ilipangwa na wafalme wawili tangu alipokuwa kitandani mchanga, na wao si wazazi wake. Merryweather anauliza kwa hasira kwa nini lazima binti aolewe na mwana mfalme, na Fauna anamkumbusha kwamba uamuzi huo si wao. Basi wanatoka wamwache peke yake kidogo, kwa heshima tu, na ni katika dakika hizo chache ambapo mwanga wa kijani unaingia chumbani na kumwita kwenye gurudumu la kusokotea nyuzi. Hakuna mlezi asiyeijua hofu hiyo ya kugeuka kidogo tu.

Jambo jingine ambalo jicho la mtoto halina subira nalo ni picha za nyuma. Zilisimamiwa na mchoraji Eyvind Earle, aliyefuata sanaa ya Ulaya ya Zama za Kati, na ndiyo maana miti ya msitu ule imenyooka kama nguzo, vichaka vina pembe, na jani lililo mbali limechorwa kwa makini sawa na lililo karibu. Wapo wanaosema michoro hiyo ni baridi na inawameza wahusika. Mimi siioni hivyo: msitu mkubwa na mpana kiasi kile ndio unaokifanya kile kibanda kionekane kidogo, na kazi ya wale watatu ionekane ngumu.

Filamu iligharimu dola milioni 6, ikachukua sehemu kubwa ya miaka ya 1950, na mapato ya maonyesho ya kwanza hayakutosha kuirudisha fedha hiyo. Wachoraji wengi walipunguzwa kazini, na studio haikutoa filamu nyingine ya katuni yenye hadithi ya binti mfalme hadi The Little Mermaid mwaka 1989. Wenye uwezo waitazame kwenye skrini kubwa kabisa wanayoweza kuipata, kwa kuwa ilitengenezwa ili ionyeshwe kwa filamu pana ya milimita 70, na simu inakata nusu ya kazi ya Earle.