Nafundisha madaktari, hospitali nalipia kabla sijaugua

Wallahi leo nimetamani kurudi Malindi nikauze mahamri. Chuo kimeniongezea mkataba wa miaka mitatu hapa Uingereza, tumefurahi, kumbe bado viza. Maombi hayajasomwa, ushadaiwa malipo ya afya: pauni 1,035 kwa mtu mzima kila mwaka, mtoto 776, na unalipa miaka yote kwa mpigo. Mimi, mke wangu na kitoto chetu ni pauni 8,538. Geuzeni shilingi, kisha mnililie tena ile asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya huko Kenya. Ada ya viza yenyewe haimo humo, na kodi nakatwa kila mwezi kama mwenyeji.

Binti wa jirani yetu wa Maweni, muuguzi, kasamehewa kwa kuwa viza yake ni ya wahudumu wa afya. Haki yake, zamu za usiku si mchezo. Mimi ninayewafundisha wanafunzi wa udaktari watajuaje kama dawa ndiyo iliyoponya au mtu kapona mwenyewe, sihesabiwi. Ni mtu wa falsafa tu.

Huko nyumbani mnadhani ukishapata uzamivu unapewa ofisi na heshima zake. Mimi nimekula vibarua vya mwaka mwaka, nahama mji hadi mji, maboksi mengine siyafungui maana nitayafunga tena. Wewe unayeniandikia unataka kuja, uliza kwanza mkataba ni wa muda gani na viza analipa nani. Jina la chuo baadaye.

Lakini ikifika siku ya mhadhara wa kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia waliokosa matunda na mboga, machungu yote nayasahau. Hapa somo hilo huanza na James Lind, daktari wa meli, mwaka 1747: mabaharia 12 wagonjwa, wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio walionyanyuka upesi. Mimi naanzia kwetu. Aprili 1498 Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, alifika Mombasa na wagonjwa wake, wakaletewa machungwa, wakapona. Aliyeandika habari za safari akaisifu hewa ya Mombasa. Januari 1499 wanarudi kutoka India, karibu miezi mitatu baharini, watu 30 wamekufa njiani. Wanatia nanga Malindi, wanaomba machungwa, wanapewa, na bado wengi wanakufa. Mwandishi yule yule akailaumu hewa yetu! (Watu wa Mombasa, msicheke.)

Hapo nawauliza: kama waliyaomba machungwa wenyewe, mbona sifa na lawama zote zikaenda kwenye hewa? Wanabishana hadi saa inapita. Kisha nawamalizia na Lind, ambaye hata baada ya jaribio lake aliendelea kuilaumu hewa ya unyevunyevu. Jeshi la maji la Uingereza halikuamua kuwagawia mabaharia wake maji ya limau hadi 1795.

Profesa mmoja mkubwa alikaa nyuma akasikiliza, halafu akaniita pembeni: somo zuri, lakini nisipoteze muda kwa mambo ya kando. Yaani meli ya kwao ni sayansi, bandari ya Malindi ni mambo ya kando. Nikamwitikia kwa adabu, maana barua ya mkataba ilikuwa bado haijatiwa saini.

Sasa imetiwa. Muhula ujao Malindi ina mihadhara miwili.