Vyumba Viwili, Watoto Watatu: Kupanga Nyumba Ndogo Mtwara Mjini

Familia changa inayotafuta nyumba ya kupanga hapa Mtwara Mjini huulizwa swali moja kabla ya kuulizwa kazi au uwezo wa kulipa: mna watoto wangapi? Dalali huliuliza kwenye simu, mwenye nyumba hulirudia mlangoni, na mara nyingi jibu la kweli ndilo linalokatisha mazungumzo. Nyumba ikiwa na vyumba vichache, wamiliki wengi hupendelea bachela au wanandoa ambao hawajapata mtoto, kwa hoja kwamba watoto huchafua kuta, huvunja vitasa, humaliza maji na kuwanyima usingizi wapangaji wengine. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo bado ananyonya, nasi tunaishi katika vyumba viwili na sebule ndogo upande wa Chuno. Nyumba hiyo inatutosha. Nataka kueleza kwa nini inatosha, kwa sababu sababu zenyewe haziko sana ndani ya vyumba.

Nianze na ushauri ambao wazazi wengi hupewa na ambao siukubali hata kidogo, yaani kutaja watoto pungufu ili kupata nyumba, kisha kuwaleta wengine polepole baada ya kodi kulipwa. Mpangaji anayeingia hivyo huishi kwa wasiwasi, huwazuia watoto kucheka na kukimbia mchana, na siku mwenye nyumba anapogundua, hoja zote za haki alizokuwa nazo huwa zimepungua nguvu. Sisi tulisema idadi kamili kila tulipokwenda. Wapo waliotukatalia palepale, na nawashukuru kwa kutotupotezea muda. Mama mwenye nyumba wetu wa sasa, baada ya salamu, alisema tu, "Sawa mwanangu, watoto wakae, ila maji ya tangini wasiyachezee." Sharti hilo ni la haki kabisa, na watoto wamelishika.

Jambo la kwanza ninalolitazama katika nyumba ndogo ni ua. Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ukakusudiwa kuwa mji wa bandari wa kusafirishia mazao ya Nachingwea. Mradi wenyewe ulishindwa, lakini mitaa mipana na viwanja vyenye nafasi vimebaki, na hadi leo katika maeneo mengi nyumba ya kawaida ya kupanga ina uwanja wa mchanga nyuma yake, na pengine mwembe au mkorosho wa kivuli. Familia yenye watoto inapaswa kuitumia bahati hiyo. Vyumba viwili vyenye ua uliozungushiwa ukuta ni makazi makubwa kuliko vyumba vitatu vinavyofunguka moja kwa moja kwenye barabara ya bodaboda, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hutumia sebule wakati wa kula na kulala tu, na saa zake nyingine zote ziko nje. Ua huo ukaguliwe kwa macho ya mzazi: kisima kina mfuniko mzito unaofungwa, shimo la maji taka limefunikwa kwa zege na si kwa bati, na geti lina komeo lililo juu ya kimo cha mtoto. Kama kisima kiko wazi, nyumba hiyo iachwe hata ikiwa imewekwa vigae kila chumba.

Upepo nao una uzito wake. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili, na kaskazi hushika zamu kuanzia karibu Novemba, na ni katika miezi ya mwisho wa mwaka, kabla mvua hazijakolea, ambapo chumba kidogo chenye bati lisilo na dari hakikaliki mchana, sembuse kwa mtoto mchanga. Kwa hiyo nyumba yoyote tuliyoitazama tuliingia saa nane mchana, si jioni, tukafungua madirisha yote na kusimama kidogo katikati ya chumba. Dirisha la upande mmoja peke yake halitoshi. Panahitajika tundu la pili, la mlango au dirisha la upande wa pili, ili hewa ipite. Shangani, karibu na bahari, hewa ni nzuri sana, lakini kodi ni ya juu na chumvi hula vyuma vya madirisha upesi. Mikindani, kilomita zipatazo 10 kutoka mjini, nyumba hupatikana kwa bei nafuu zaidi, ila nauli ya kila siku ya wazazi wawili na mwanafunzi mmoja hurudisha sehemu kubwa ya unafuu huo, na anayehamia huko afanye hesabu hiyo kwanza.

Wavu wa madirisha si pambo. Mikoa ya Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye anayeathirika zaidi. Chandarua kinabaki kuwa lazima, lakini katika nyumba ndogo ambamo watoto hukaa sebuleni hadi saa tatu usiku, mbu huanza kazi kabla ya muda wa kulala. Tulimwomba mwenye nyumba aweke wavu mpya madirishani kabla hatujahamia, naye akakubali kwa makubaliano kwamba gharama ya vifaa ni yake na ya fundi ni yetu.

Ndani ya vyumba sina mengi ya kusema. Dabo deka la mbao, lililotengenezwa na seremala wa mtaani kwa kipimo cha chumba, liliokoa nafasi kuliko kitu kingine chochote, na lina kingo ndefu pande zote mbili za kitanda cha juu. Viti vikubwa vya sebuleni tuliviacha kwa wazazi wangu, tukatandika mkeka. Kuhusu kupika, hata hivyo, nina msimamo mkali: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala kwenye korido, wala usiku wa mvua. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kama nyumba haina jiko wala upenu wa kupikia, na familia haina mtungi wa gesi, basi nyumba hiyo haifai kwa watu wenye watoto.

Sasa nije kwenye umeme, jambo ambalo huwagombanisha wapangaji kuliko jingine lolote, na ambalo wengi huingia nalo bila kulielewa. Mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa kwenye kundi la D1, ambako uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, yaani takriban shilingi 122 zote zikijumlishwa. Anayevuka kiwango hicho huhamia kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, yaani takriban 356. Familia moja yenye taa, feni, televisheni na friji ndogo inayotumiwa kwa uangalifu inaweza kubaki chini ya uniti 75. Lakini nyumba ya familia nne zinazotumia mita moja ya LUKU haiwezi, hata kama kila familia peke yake inajibana, kwa kuwa mita huona mteja mmoja tu. Kwa familia inayotumia uniti 60 kwa mwezi, tofauti ni kati ya shilingi 7,320 na shilingi 21,360. Fedha hiyo ni daftari, sabuni na maziwa ya mtoto.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa dalali liwe: mita ni ya peke yetu? Kama si ya peke yenu, basi pawepo mita ndogo ya kila mpangaji, ili kila mmoja alipe alichotumia na si kwa kugawana kwa idadi ya vichwa. Ugawaji wa kwa vichwa huwaumiza wenye watoto, kwani mtoto wa miaka miwili huhesabiwa sawa na jirani mwenye pasi, jagi la umeme na redio kubwa. Nimeona nyumba ambamo akina mama waliokuwa wakisaidiana kulea waliacha kusalimiana kwa sababu ya umeme uliokatika usiku na hakuna aliyekubali kuwa ni zamu yake kununua.

Kuna pia kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni wajibu wa mmiliki wa jengo. Hukatwa kwa yeyote anayenunua umeme kwa kuwa mita ndiyo iliyosajiliwa, lakini mpangaji ana sababu nzuri ya kuomba irudishwe au ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Sisi tuliliweka kwa maandishi: mwisho wa kipindi tunaonyesha risiti za LUKU, na kiasi kilichokatwa hupunguzwa kwenye malipo yanayofuata. Mama mwenye nyumba hakuwa na kinyongo, ila alitaka kwanza kuziona risiti zenyewe, na ana haki.

Malipo ya pango ndiyo mlima mkubwa kwa familia changa. Kodi ya shilingi 120,000 kwa mwezi si kubwa kwa watu wawili wanaofanya kazi, lakini ikidaiwa ya miezi sita kwa mkupuo inakuwa 720,000, na ukiongeza ya dalali, ambayo kwa desturi ni ya mwezi mmoja, inafika 840,000 kabla hujanunua hata kitasa. Naona desturi ya mkupuo ina mizizi ya ziada katika mikoa yetu ya kusini, kwa sababu fedha nyingi hapa huja kwa msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na wakulima wanapolipwa, mji mzima hubadilika: wanaonunua bati hununua, wanaolipa kodi ya mwaka mzima hulipa. Mwenye mshahara wa kila mwezi hana msimu, naye anastahili kusikilizwa anapoomba alipe kwa miezi mitatu. Waliokuwepo wakati wa harakati za kampuni za gesi asilia hapa Mtwara, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijazinduliwa mwaka 2015, wanakumbuka jinsi kodi zilivyopaa na wenyeji wakasukumwa pembezoni, kisha nyumba nyingi zikabaki tupu kampuni zilipopunguza shughuli. Mpangaji mwenye familia, anayelipa kwa uaminifu na kukaa miaka, ana thamani kwa mmiliki, na anaweza kuisema thamani hiyo bila aibu wakati wa mazungumzo.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti viwango vya kodi ya nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, hivyo kinachomlinda mpangaji zaidi leo ni mkataba wake pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mkataba wa mdomo, hata kati ya watu wanaoheshimiana, hauwasaidii watoto siku nyumba inapouzwa au mmiliki anapofariki na warithi wanapokuja na mipango yao. Uandikwe, usainiwe mbele ya mashahidi, ofisi ya serikali ya mtaa iwe na taarifa, na ushuru wa stempu ulipwe, maana bila huo mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi. Ukitokea mgogoro, Baraza la Kata ni mahali pa kusuluhishwa, na shauri lisilosuluhishika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndani ya mkataba wetu mna idadi ya watoto, anayetengeneza bomba likipasuka, muda wa notisi kwa pande zote mbili, na kifungu kwamba kodi haipandishwi katikati ya kipindi kilicholipiwa.

Kitu kimoja zaidi tulikiomba, na ningependa kila mzazi mwenye mwanafunzi akiombe. Mwaka wa shule huanza Januari, na familia inayotolewa kwenye nyumba mwezi wa Aprili hujikuta ikitafuta uhamisho wa mtoto katikati ya muhula, pamoja na sare mpya na walimu wapya, au ikimwamsha alfajiri akavuke mji mzima kwenda shule yake ya zamani. Tulihamia mwezi wa Julai, wakati wa mapumziko ya katikati ya mwaka, kwa hiyo tuliomba mkataba wa kwanza uwe wa miezi sita, uishe Desemba, na unaofuata uanze Januari na kwenda mwaka mzima, tukilipa kwa awamu mbili. Mama mwenye nyumba alimwita kijana wake aliyesomea uhasibu, wakapiga hesabu pamoja kibarazani, akakubali, na tarehe hizo zikaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.