Nilivyopanga mfumo wa maji wa kupoza kompyuta yangu ya michezo

Kwa muda wa mwaka mzima nilicheza michezo ya kompyuta nikiwa nimevaa vipokea sauti, si ili nisikie vizuri milio ya mchezo, bali ili nisisikie feni. Prosesa nilikuwa nimeipandisha kasi kutoka gigahezi 4.7 hadi 5.0, na kadi ya picha nayo nilikuwa nimeifungulia kiwango chake cha umeme hadi mwisho. Kila mchezo mzito ulipoanza, feni zilivuma kama mashine ya kusaga, na bado prosesa ilifika nyuzi 95 ikaanza kujipunguza kasi yenyewe, yaani ule mwendo niliouongeza kwa taabu ulikuwa unaniponyoka wakati ule ule ninapouhitaji. Ndipo nilipoamua kuunda mfumo wangu wa kupoza kwa maji, kipande kwa kipande, badala ya kununua ule uliokwisha kufungwa kiwandani, ambao kwa kawaida hupoza prosesa peke yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na picha. Nilimaliza jioni kadhaa nikitazama kompyuta za watu zenye mabomba yanayong'aa, nikafikia hatua ya kuchagua rangi ya kioevu kabla sijajua nina joto kiasi gani la kuondoa. Ilinibidi nirudi nyuma. Maji hayaui joto. Hulibeba tu kutoka kwenye kipande kidogo cha silikoni hadi kwenye rejeta, na rejeta hulikabidhi kwa hewa ya chumba. Ukikosea kukadiria mzigo huo, uzuri wa mabomba hautakusaidia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umeme unaotumiwa na prosesa inapofanya kazi hupanda sambamba na kasi yake, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, na hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Ili kasi ya gigahezi 5.0 itulie, nililazimika kupandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.30. Kasi iliongezeka kwa asilimia 6 tu, lakini volti zilipozidishwa kwa zenyewe, mzigo mzima uliongezeka kwa takriban robo: wati 160 zikawa 200. Kadi ya picha ilikuwa inakula wati 350. Kwa hiyo nilikuwa na wati 550 za kuondoa, na zaidi ya nusu yake zilitoka kwenye kadi ya picha, si kwenye prosesa niliyokuwa nikiilaumu.

Kanuni inayotumiwa na watu wengi wa kazi hii ni kutenga sehemu moja ya rejeta yenye upana wa feni ya milimita 120 kwa kila wati 100 hivi, ikiwa unataka feni zizunguke taratibu. Nilihitaji sehemu sita, yaani rejeta mbili za feni tatu tatu, moja juu ya kasha na nyingine mbele.

Hapa niliteleza tena, na safari hii nilikuwa nimekwisha kulipa. Rejeta inayoitwa ya milimita 360 hupewa jina hilo kwa sababu ya feni tatu za 120. Yenyewe, pamoja na vichwa vyake vya kupitishia maji, hukaribia milimita 400. Urefu huo ulinipita salama kwa bahati tu. Unene ndio ulionishika. Nilichukua rejeta nene ya milimita 45 kwa ajili ya juu, nikasahau kwamba feni nayo ina milimita 25, na jumla ikawa 70 mahali ambapo nafasi kati ya paa la kasha na vipoza joto vya ubao mama ilikuwa 60. Rejeta ile niliihamishia mbele, nikanunua nyembamba ya milimita 30 kwa ajili ya juu, ambayo pamoja na feni ilichukua 55. Milimita tano zilizobaki zilitosha kupitisha waya wa umeme wa prosesa, ukiwa umebanwa kidogo. Baada ya hapo nilikata maboksi ya karatasi ngumu kwa vipimo vya kila kipande, nikayapanga ndani ya kasha kabla ya kuagiza chochote kingine. Lilikuwa jambo la kitoto kulitazama, lakini ndilo lililonionyesha kwamba tangi la kuhifadhia maji ya mfumo nililolitaka lingegongana na ncha ya kadi ya picha.

Suala lililonisumbua bure lilikuwa mpangilio: je, maji yatoke kwenye prosesa yaende kwenye rejeta kwanza, au yapite moja kwa moja hadi kwenye kadi ya picha? Nilichora michoro mitano. Kisha nikapiga hesabu kwamba maji yanayotembea lita 4 kwa dakika, yakipokea wati zote 550, hupanda nyuzi 2 tu kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Kwa kuwa maji yanazunguka bila kukoma, halijoto yake inakaribia kuwa sawa kila mahali, na mpangilio bora ni ule wenye mabomba mafupi. Sharti moja tu halina mjadala: tangi likae kabla ya pampu na juu yake, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na maji yenyewe, na kuziendesha kavu hata kwa muda mfupi ni kuziharibu.

Kuhusu metali sikutaka mchezo. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yale yale, alumini huliwa polepole, na uchafu wake huenda kuziba mifereji myembamba ya bloku, kile kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa au kadi ya picha na kupitisha maji ndani yake. Nilihakikisha kila kinachogusa maji ni cha shaba au kimepakwa nikeli. Ile rangi niliyoichagua mwanzoni niliiacha, kwa kuwa vioevu vizito vyenye rangi ya maziwa vina tabia ya kuacha mashapo. Nilitumia maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani. Rejeta nilizisuuza kwanza kwa maji ya moto, nikizitikisa hadi mikono ikachoka, na suuzo la kwanza lilitoa chembe nyeusi za mabaki ya ulehemu ambazo sitaki kufikiria zingeishia wapi. Mabomba nilichagua ya mpira laini, kwa kuwa ya plastiki ngumu yanadai kupashwa moto na kukunjwa kwa vipimo, na subira yangu ilikuwa imekwisha kwenye milimita kumi za awali.

Kufunga kulichukua siku mbili tu. Kabla ya kutia maji nilijaza hewa kwa shinikizo la baa 0.5, nikaiacha nusu saa huku nikiitazama sindano ya kipimo. Iliteremka taratibu sana, kiasi ambacho ungeweza kujiambia kwamba ni macho yako. Nilifungua viungio kimoja kimoja, na kwenye cha tisa, kile cha nyuma ya bloku ya kadi ya picha, nikakuta oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, imebanwa upande na kukatika kidogo, mkato usiozidi upana wa uzi. Niliibadilisha, nikapima upya, sindano ikatulia. Ndipo nikatia maji, nikiwa nimeunganisha umeme kwenye pampu peke yake, na nikaiacha izunguke usiku kucha juu ya karatasi za kufutia zilizotandazwa kila upande. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu.

Sasa feni naziongoza kwa sensa ya halijoto ya maji, si ya prosesa, kwa sababu prosesa huruka nyuzi 20 kwa sekunde moja na kuzifanya feni zipige kelele za kushtuka, wakati maji hupanda polepole. Chumba kikiwa na nyuzi 25, baada ya saa moja ya mchezo mzito maji hutulia kwenye 36, feni zikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika. Kadi ya picha iliyokuwa inafika 84 sasa inakaa 51. Prosesa imeteremka hadi 79, nafuu ndogo kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa joto lake linatoka kwenye eneo dogo mno na kikwazo kiko ndani ya prosesa yenyewe, kabla halijayafikia maji. Chumba nacho kinapata joto vile vile; wati 550 ni wati 550.

Kwenye mchoro niliweka koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa pa mzunguko, kama inavyopasa. Mwaka mmoja baadaye, siku ya kubadilisha maji, niligundua kwamba koki hiyo iko sentimita nne juu ya meza, na hakuna chombo ninachomiliki kinachoingia chini yake. Niliinua kompyuta nzima, ikiwa imejaa maji, nikaiweka juu ya vipande viwili vya mbao, na vipande hivyo bado viko hapo.